Papa Hilaire Kambere na Wadudu wa Sesbania

Papa Hilaire Kambere, msimamizi wa vitalu vya miche katika shirika letu, anastaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na moja na siku ishirini na nane za kazi. Siku hizo ishirini na nane amezihesabu mwenyewe. Katika karatasi ya kwanza niliandika "miaka thelathini na moja" tu, naye akanirudishia ikiwa imepigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Kamati ya sherehe ilinipa mimi, Charline, mtunza stoki ya mbegu, kazi ya kuandika maneno ya furaha kwa ajili ya kijitabu hiki. Nimefanya kazi na Papa Hilaire miaka ishirini na miwili. Kama kamati ilitaka furaha tupu, ingemtafuta mtu asiyemjua.

Alizaliwa Lubero katika familia ya wakulima, akasoma kilimo Butembo, na akafika Goma mwaka 1994, wakati vilima vilivyo karibu na mji vilikuwa vinabaki vipara kwa sababu ya kuni. Kazi yake ya kwanza hapa ilikuwa kumwagilia miche maji kwa bidoni ya plastiki. Baada ya miaka minne alipewa kitalu kizima, na tangu hapo ni mara chache sana mche umetoka kwenye lango letu bila yeye kuugeuza majani. Wadudu hutaga upande wa chini wa jani. Hilo kila mfanyakazi wa shirika hili analijua, hata mhasibu, hata mlinzi wa lango, kwa sababu Papa Hilaire amelisema kila siku ya Mungu kana kwamba analisema kwa mara ya kwanza.

Kwa wageni wetu: miti tunayootesha, yaani sesbania, kaliandra na lusina, ni ndugu za maharagi. Inarutubisha udongo, inalisha mbuzi, na matawi yake yanatoa fito za kupandishia maharagi yale yanayotambaa. Huku kwetu, maharagi bila fito ni maharagi yaliyooza chini. Lakini mti unaopendwa na mbuzi na udongo unapendwa pia na wengine. Kuna chawa wadogo wanaofyonza machipukizi ya lusina. Kuna fukusi wanaotoboa mbegu ndani ya stoki yangu, na ambao Papa Hilaire alinilaumu mimi kwa kila mmoja wao kana kwamba niliwazaa. Halafu kuna yule mdudu mdogo wa rangi ya machungwa, mwenye mistari myeusi mgongoni, anayeikula sesbania mpaka ibaki fimbo tupu.

Papa Hilaire ameishi na hao zaidi ya alivyoishi na sisi. Chupa zao zilikuwa kwenye friji ya ofisi, karibu na maji ya kunywa. Mwaka 2011 mgeni kutoka Bukavu alifungua moja akidhani ni pilipili, na Papa Hilaire akamgombeza kwa kuharibu sampuli. Katika ndoa ya binti yangu Clarisse, mpiga picha alisubiri muda mrefu kwa sababu baba wa ubatizo wa bibi arusi, yaani Papa Hilaire, hakuonekana. Tulimpata nyuma ya pambo la matawi la mlangoni, amevaa suti, anageuza majani ya yale matawi moja moja. "Mama Charline," akaniambia, "hii matawi mulitoa wapi? Iko na mayai." Nilitaka kulia. Picha ile ninayo bado. Kila mutu anacheka isipokuwa yeye.

Lakini sikukubali kuandika ili kusimulia habari za friji. Nataka kusimulia habari ya Kalengera, kwa sababu imesimuliwa vibaya kwenye rapoti zetu, na wengi wenu mlioajiriwa juzi mnaijua nusu.

Mwaka 2017 mkurugenzi wetu alikuwa Papa Télesphore, ambaye amekwisha kuhamia Kinshasa. Alikuwa mutu wa haraka. Aliamua kwamba mashamba yote ya barabara ya Rutshuru yapandwe sesbania peke yake, kwa sababu inakua upesi na inaonekana vizuri kwenye picha. Papa Hilaire alipinga. Alisema ukipanda mti wa aina moja kilomita nzima, umemtandikia mdudu meza. Aliandika barua tatu. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu niliikuta mimi mwenyewe imewekwa chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba.

Basi, tukaotesha sesbania. Kule Kalengera alikuwako Mama Louise, mjane mwenye watoto wanne, kiongozi wa kikundi cha akina mama ishirini na watatu. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwaomba wenzake watoe kingo za mashamba yao. Aliwapa neno lake kwamba baada ya mwaka mmoja hakuna atakayekwenda tena kuiba fito msituni, ambako mwanamke anaweza kuingia asirudi. Hicho ndicho kilichokuwa rehani: jina la Mama Louise, na miguu ya wanawake ishirini na watatu kutokwenda msituni.

Siku ya kupeleka miche, mwezi wa tatu, kulikuwa na sherehe ya uzinduzi. Wageni, hotuba, fulana za kijani. Kamyo ilikuwa langoni tangu saa moja asubuhi, shofere anapiga honi, na Papa Télesphore anapiga simu kila dakika tano. Kitalu kilikuwa na matuta kumi. Papa Hilaire alikagua matuta tisa. Kwenye la kumi alisimama kujibu simu, wakagombana, na alipomaliza kugombana alikuwa na hasira kiasi kwamba alisema, "Pakizeni yote! Pakizeni, tuende!"

Tuta la kumi lilipandwa kwa Mama Louise.

Wiki ya tatu, miche michache ya tuta lile iliyokosa nafasi kwenye kamyo na kubaki hapa Goma, ilijaa mabuu meusi, watoto wa yule mdudu wa rangi ya machungwa. Papa Hilaire aliiangalia, akakaa chini kwenye kokoto. Mimi nilikuwa nimekwenda kumwomba funguo za stoki. Aliniambia tu, "Mama Charline, nimezipeleka mimi." Sikuelewa. Nilidhani anasema juu ya funguo.

Mwezi wa tano habari ikafika kutoka Kalengera: sesbania zimeliwa, kuanzia kwa Mama Louise hadi kwa majirani zake, na sasa wadudu wanaendelea kando ya barabara. Akina mama walikuwa wamekwisha kung'oa mistari miwili. Papa Télesphore akaitisha kikao na kusema kwamba rapoti itaandikwa "ukame". Ukame! Mwezi wa tano, Kalengera, ambako mvua ilikuwa inanyesha mpaka kuku wanakaa kitandani na watu. Papa Hilaire aliuliza kwa sauti ya upole, ambayo kwake ni dalili mbaya:

"Shefu, ukame ya wapi? Hata kamera ya kupiga picha ya hiyo ukame imeingia maji."

"Muzee, unataka tuseme nini? Kwamba shirika inagawa wadudu?"

"Ndiyo. Njo ile tuligawa."

Aliambiwa atoke kwenye kikao. Akatoka, akaandika barua ya kuomba konje, yaani likizo yake ya mwaka, akapanda pikipiki kwenda Kalengera. Nilimwona akifunga begi. Aliweka ndani sabuni vipande sita na suruali moja. Nilimwambia, "Papa Hilaire, wale wamama wana hasira, ungengoja." Akasema, "Nikingoja, hasira itaongezeka na wadudu pia."

Yaliyotokea kule alinisimulia Mama Louise mwenyewe, maana Papa Hilaire husimulia mambo ya wadudu tu, ya watu anayaruka.

Aliwakuta akina mama wamekusanyika kwenye uwanja wa nyumba ya Mama Louise. Walikuwa wamekuja kumvua uongozi. Mmoja wao, Mama Annonciata, alikuwa ameleta shina la sesbania lililoliwa na kulitupa mbele ya mlango. Papa Hilaire akashuka kwenye pikipiki na kofia yake ya kinga kichwani, akaokota lile shina, akaliangalia pande zote kabla ya kuwasalimu. Mama Louise anasema pale alitamani kumpiga.

"Papa Hilaire," akamwambia, "wewe njo ulituambia hii miti ni rafiki. Angalia. Hawa wote batu wananiita mwongo. Uwaambie wadudu imetoka wapi."

Angeweza kusema imeletwa na upepo. Angeweza kusema imetoka Rutshuru. Hakuna aliyejua, na mdudu hana kitambulisho.

"Imetoka Goma," akasema. "Imetoka kwangu. Kulikuwa matuta kumi, nikaangalia tisa. Ya kumi sikuangalia, juu nilikuwa na hasira. Mama Louise hakuwadanganya. Njo mimi niliwaletea."

Kisha Mama Annonciata, ambaye si mutu wa maneno mengi, akasema:

"Basi hautarudi leo. Utaziokota."

"Njo sababu nimekuja na sabuni," akajibu.

Aliokota wadudu wiki sita. Alilala kwenye chumba cha wageni cha parokia. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijawapasha joto na wadudu wangali wazito, aliingia shambani na akina mama, kila mmoja na bidoni iliyokatwa nusu yenye maji ya sabuni, wakitikisa majani na kuwadondosha ndani. Alikuwa na miaka hamsini na saba na goti bovu. Konje yake ilikwisha baada ya wiki nne. Wiki mbili zilizobaki ofisi iliziandika kama utoro, na zimo kwenye faili lake mpaka leo. Nimeomba mara tatu zifutwe. Nimeambiwa ombi limepokelewa.

Kadiri walivyookota ndivyo wengine walivyoanguliwa. Wiki ya nne akina mama walichoka, na siku hiyo hiyo, kwa bahati mbaya, gari la shirika likafika na pompi mbili za kupulizia na katoni ya dawa ya wadudu. Ofisi ilikuwa imeamka. Akina mama walishangilia. Papa Hilaire akachukua katoni, akaifungia kwenye chumba chake cha parokia, akaweka ufunguo mfukoni.

Mngemwona, mngesema ni kichaa. Hata Mama Louise alisema hivyo.

"Unatutesa juu ya nini? Dawa imefika!"

"Mama, majani ya maharagi iko chini ya hii miti. Munachuma kila jioni mupike. Mutakula dawa, nyinyi na batoto."

"Sasa tufanye je? Tuokote mpaka Noeli?"

Huyu mutu ambaye ana jibu kwa kila kitu, hata pale usipomuuliza, aliomba siku kumi. Wakampa siku tano.

Siku ya tatu, Mama Louise alikuwa peke yake upande wa mtaroni. Aliona kunguni wa shamba, yule wa kahawia anayenuka ukimgusa. Kunguni kama hao wanatoboa maharagi, na kila mkulima akiwaona anawaponda. Yeye mwenyewe alikuwa amewaponda mamia tangu wiki ya kwanza, na Papa Hilaire, pamoja na miaka yake yote ya kugeuza majani, hakumkataza. Aliinua kidole kumponda. Akasita, kwa sababu yule kunguni alikuwa amebeba kitu. Akainama. Alikuwa amechoma mdomo wake, mwembamba kama sindano, ndani ya buu jeusi la sesbania, na lile buu lilikuwa linanywea polepole kama puto.

"Papa Hilaire! Kuya! Kuya mbio, kuya uone!"

Alifika akichechemea. Akapiga magoti kwenye matope, goti bovu na goti zima, akakaa hivyo mpaka mvua ikaanza na Mama Louise akamfunika na kitenge chake. Kisha akasema:

"Mama Louise, tumekuwa tunaua askari, tunaacha mwizi."

"Tumekuwa? Wewe ulikuwa unaniangalia nikiwaponda!"

"Njo vile nasema. Tumekuwa."

Tangu siku hiyo akina mama waliokota mwizi wakamwacha askari. Wengine waliwahamisha kunguni kwa majani kutoka shamba moja hadi lingine, wakikunja pua. Dawa haikupulizwa. Sitawadanganya kwamba shamba zima lilipona. Papa Hilaire angeipiga kalamu nyekundu sentensi hiyo. Miche mingi ilikufa. Lakini iliyobaki ilichipua, na mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, akina mama kumi na saba kati ya ishirini na watatu walikata fito zao wenyewe kwenye kingo zao wenyewe. Mama Annonciata hakupata hata moja. Wenzake walimchangia. Msituni hakwenda mutu.

Na Mama Louise hakuvuliwa uongozi. Anakiongoza kikundi mpaka leo.

Huku Goma, mambo yalikuwa ya huku Goma. Papa Hilaire aliondolewa kwenye kitalu, akaletwa kwenye stoki yangu kuhesabu magunia kwa miezi kumi na minne. Ile ndiyo miezi niliyozeeka. Aliandika rapoti ya kweli, kurasa tisa, ikisema ni nani aliyeleta wadudu, yaani yeye, na ni nani aliyemgundua kunguni, yaani Mama Louise. Ofisi ikakubali kuichapisha, ila ikaandika "mkulima mmoja". Akakataa kutia saini. "Huyo mkulima mmoja iko na jina," alisema. Miezi minne rapoti ilikaa bila saini. Hatimaye wakakubali, zikachapwa nakala mia moja na ishirini, na zilipofika tukafungua sanduku: "Bwana Louis, wa Kalengera."

Nilidhani atalipuka. Hakulipuka. Alivuta kiti, akanipa kalamu moja, akachukua nyingine, na tukasahihisha nakala zote mia moja na ishirini kwa mkono, "Mama Louise", "Mama Louise", mpaka saa ya kufunga. Nakala iliyoko kwenye maktaba yetu ina mwandiko wangu.

Mkurugenzi mpya, Mama Mimi, alimrudisha kwenye kitalu mwaka 2019. Tangu hapo ametuwekea kanuni kwamba shamba lolote lisipandwe mti wa aina moja zaidi ya theluthi, amefundisha watunza vitalu arobaini na sita kutoka Masisi hadi Rutshuru, na kila mwaka amegombana na mutu anayetaka sesbania peke yake kwa sababu inakua upesi. Mwaka huu pia. Mwezi uliopita pia. Mwaka huu ambao mji wetu umepita katika mambo ambayo kila mmoja wetu anayajua, ofisi ilipofungwa majuma saba, yeye alikuwa anakuja kwa miguu kumwagilia miche maji, na tulipomgombeza akasema miche haisikilizi redio.

Ukurasa huu nilikuwa nimeumaliza hapo. Lakini jana, mchapaji akiwa ananingoja, nilipita nyumbani kwa Papa Hilaire katika mtaa wa Mapendo kumwonyesha mkewe, Mama Angèle, tarehe kama ni sahihi. Nilikuta kamyo ya maharagi kutoka Rutshuru imeziba njia. Mama Louise na Mama Annonciata walikuwa juu yake, na vijana wanashusha magunia. Nilihesabu kumi na mawili. Nilidhani ni chakula cha sherehe.

Ulikuwa udongo. Udongo mweusi wa Kalengera, kila gunia limetoka kwenye kingo za mashamba ya wanakikundi, ambapo majani ya sesbania na kaliandra yameanguka miaka minane. Wale wamama walikuwa wamesikia kwamba nyumba ya muzee wao imejengwa juu ya mawe ya volkano, na kwamba mutu aliyeotesha miti ya watu wote hana, nyumbani kwake, mahali pa kufukia hata mbegu moja.

Mama Angèle alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Papa Hilaire alitoka ndani amevaa kandambili, tayari kumgombeza shofere kwa kuziba njia. Akaona magunia. Akafungua la kwanza, akatumbukiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akabaki ameinama vile.

"Sema basi, muzee," Mama Louise akamwambia. "Tumetoka mbali."

Mama Annonciata akampa jembe dogo. Akalipokea, akaanza kumwaga udongo kando ya ukuta, juu ya mawe, na sisi wengine tukavua viatu tukamsaidia. Tulipofika gunia la sita alisema, "Aksanti, wamama." Na leo asubuhi Mama Angèle amenipigia simu kuniambia kwamba mstari wa kwanza wa maharagi umekwisha kupandwa.

Papa Hilaire, shirika lote linakushukuru, hata wale uliowapigia kelele, ambao ni sisi sote. Ubaki na Mama Angèle katika amani, na mvua ije kwa kiasi, na goti lako lipoe. Maharagi yakiiva, tutakuja kula. Hatutangoja kukaribishwa mara mbili.